Harold Gilman

Harold Gilman (1876–1919) alikuwa mchoraji Mwingereza wa vyumba vya ndani, vyombo vya mezani na watu wa kawaida. Alizaliwa Rode, Somerset, akasomea chuo cha sanaa cha Slade School jijini London, kisha akaenda Madrid kunakili kazi za mchoraji Velázquez. Mwanzoni alifuata rangi za kiza za mchoraji Walter Sickert. Baada ya kuvutiwa na Van Gogh aligeukia rangi kali zilizopakwa nzitonzito. Mwaka 1911 alishiriki kuunda kundi la wachoraji la Camden Town Group. Kazi yake bora, bila shaka, ni picha za Bi Mounter, mama mzee wa nyumba alimokaa Maple Street, akiwa mezani na buli na vikombe vya chai. Alifariki kwa homa ya mafua ya Kihispania.