Sindano Moja, Mbuzi Wengi
Leo tukumbuke homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 ziliileta Garissa na hapa Tana River. Hadi Machi 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya.

Huenezwa na mbu. Lakini sindano iliyomchoma mbuzi mgonjwa, isipobadilishwa, yaweza kumwambukiza mzima. Ndiyo maana chanjo hutakiwa kabla ya mlipuko, si katikati yake.

Basi mama, wachanjaji wakifika Garsen, uliza: "Daktari, umebadilisha sindano?" Mwonyeshe pia wenye mimba, kwani chanjo nyingine huziharibu. Mbuzi akitupa mimba, usiiguse kwa mikono mitupu. Na maziwa, yachemshe.