Tozo za Benki na Mzigo wa Deni: Funzo la Kesi ya Mwaka 2009

Bismillahi Rahmani Rahim.



Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, Wabajuni wengi wa Chovae, Koyama na visiwa jirani walikimbilia Kenya kwa mashua na majahazi. Baadhi yao baadaye walifika Uingereza. Kisiwani, mvuvi aliyekopa alimjua aliyemkopesha. Ugenini walikuta deni linalozaa lenyewe ndani ya akaunti ya benki.

Tuchukue mfano. Akaunti ina pauni 20, na bili ya pauni 25 inafika kabla ya mshahara. Benki inakata tozo, ambayo miaka hiyo mara nyingi ilizidi pauni 30. Mshahara ukiingia unaliwa na tozo, mwezi wa pili pesa hazitoshi, na tozo nyingine inakuja. Upungufu wa pauni 5 unageuka deni la 60 au 70. Aliyeumia zaidi ni maskini.

Katikati ya miaka ya 2000 wateja wakaanza kudai warejeshewe. Hoja yao ilikuwa kwamba tozo ile ni adhabu iliyozidi gharama halisi ya benki. Mtu aliomba taarifa za akaunti yake kwa ada isiyozidi pauni 10, akajumlisha tozo za miaka 6 nyuma (Scotland 5), akaandika barua, na akikataliwa akaenda mahakamani. Mara nyingi benki ililipa kabla hakimu hajasikiliza.

Julai 2007 mamlaka ya biashara ya nchi hiyo, Office of Fair Trading, ilifungua kesi ya mfano dhidi ya benki 7 na chama cha Nationwide. Ilishinda katika Mahakama Kuu na ile ya Rufaa. Lakini tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ilitengua: tozo zile ni sehemu ya bei ya huduma, hivyo mamlaka haiwezi kuzipima kwa hoja ile. Mahakama haikusema kwamba tozo ni za haki. Hata hivyo, madai mengi yalikwama.

Mlango mmoja ulibaki wazi. Mteja mwenye dhiki ya kweli aliweza bado kulalamika kwamba benki haikumtendea kwa huruma. Hatimaye, Aprili 2020, tozo za kiwango maalumu kwa aliyepitiliza salio bila idhini zilipigwa marufuku Uingereza.

Tunajifunza nini? Kwanza, maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu kuandika deni. Waliofanikiwa kudai ni waliokuwa na karatasi mkononi. Pili, muda. Aya ya 280 ya sura hiyo inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi. Basi mwenye dhiki aiseme mapema, asijifiche. Tatu, kudai tozo hakufuti deni la asili. Uliyokopa ni amana, uilipe hata kama benki imekudhulumu katika tozo. Na pesa ikirejeshwa, ianze kupunguza deni kabla ya kununuliwa kitu kipya.

Wazazi, wafundisheni watoto kusoma taarifa ya benki kama wanavyosoma juzuu: mstari kwa mstari.

Wabillahi tawfiq.