Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani

Lugha yetu iliupa ugonjwa huu jina la kifua, kwa sababu hapo ndipo ulipoonekana kwanza: kikohozi kisichokoma, damu katika makohozi na mwili kukonda. Jina hilo ni la haki, lakini halitoshi. Vijidudu vyake hukaa pia katika tezi, mifupa na ngozi. Mtu asiyekohoa, mwenye kidonda shingoni au shavuni, si rahisi kudhani kwamba ana kifua kikuu. Na mganga wake aweza kupotezwa na jina lilo hilo. Yafaa basi tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kuutambua ugonjwa huu katika ngozi, na thamani ya elimu hiyo katika Kilosa na Mikumi.

Ulaya nayo ilipotezwa na majina. Kidonda kilichokula pua na mashavu kiliitwa kwa Kilatini jina la mbwa mwitu, na matezi ya shingo yakaitwa ugonjwa wa mfalme, kwa kuwa wafalme wa Uingereza na Ufaransa walisadikiwa kuyaponya kwa kuyagusa. Samuel Johnson, aliyekuja kuwa mtunzi wa kamusi, aliguswa na Malkia Anne mwaka 1712 akiwa mtoto, wala hakupona kwa mguso huo. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Tangu hapo magonjwa yaliyokuwa na majina mbalimbali yalianza kujulikana kuwa ukoo mmoja.

Mwaka 1890 Koch alitoa dawa aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa wa ngozi walipodungwa, vidonda vyao vilivimba na kuwa vyekundu mbele ya macho ya watazamaji, na wengi wakashangilia. Matumaini hayo hayakudumu, maana dawa haikuponya. Hata hivyo, kule kuvimba kulikuwa ushahidi. Clemens von Pirquet mwaka 1907 na Charles Mantoux mwaka 1908 walikifanya kipimo, na kilichoshindwa kuwa dawa kikafaa kwa uchunguzi. Mwaka 1905, ambao ndio alipewa Tuzo ya Nobel, Koch alikuwa katika nchi yetu akichunguza homa ya papasi katika njia za misafara.

Kilosa ilikuwa kituo katika njia za bara. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipita Kilosa ikielekea Tabora, ilikofika mwaka 1912. Mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka mbali, na palipo na watu wengi katika vyumba vichache kifua kikuu hupata njia. Wafugaji nao wako katika nchi hizo hadi karibu na Mikumi, na maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yaweza kuleta matezi. Lakini zamani kidonda kisichopona kiliweza kuwa buba, donda ndugu, kaswende au ukoma. Nani angekitaja kifua?

Sura za ugonjwa huu katika ngozi si moja. Ya kwanza ni tezi lenye kuvimba polepole bila maumivu makali, hatimaye likapasua ngozi na kutoa usaha. Ya pili ni bato, aghalabu la usoni, lenye kuenea kwa miaka, likiacha kovu upande mmoja na kusonga mbele upande mwingine. Ya tatu hufanana na chunjua, mahali kijidudu kilipoingia kwa mchubuko wa mkono au mguu. Vitabu husema kwamba bato likikandamizwa kwa kioo huonyesha rangi ya utomvu wa tofaa. Lakini maneno hayo yalitokana na ngozi nyeupe, na katika ngozi nyeusi rangi hiyo ni vigumu kuiona. Ni afadhali kupima hisia: baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, la kifua kikuu halifi.

Jicho peke yake halitoshi. Vijidudu katika ngozi huwa vichache, na hadubini yaweza isivione. Kwa hiyo kipande cha ngozi hukatwa kikachunguzwa, na kingine huoteshwa kwa majuma kadhaa; tangu mwaka 2010 kuna pia mashine ya kutambua chembe za urithi za kijidudu kwa muda wa saa chache.

Mwaka 1977 Tanzania iliunganisha kazi ya kifua kikuu na ya ukoma katika mpango mmoja, akisaidia Karel Styblo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani magonjwa haya ni jamaa, na mganga mmoja hukutana na yote mawili. Lakini tiba zake si moja. Mwenye ukoma hupewa rifampisini mara moja kwa mwezi; mwenye kifua kikuu huihitaji kila siku, pamoja na dawa nyingine, kwa miezi 6. Anayedhaniwa mkoma hali ana kifua kikuu atapata dawa pungufu, vijidudu vyaweza kujifunza kuistahimili, naye atabeba aibu ya ugonjwa asio nao.

Hatuna haja ya kulifuta jina lililozoeleka. Yatupasa kulifafanua shuleni na zahanatini, ili mtu wa Kilosa au Mikumi mwenye kidonda kisichopona kwa majuma mengi akapimwe, hata kama hakohoi.