Kifusi Hiki ni cha Nani?

Hapa Kiwalani barabara ikichimbwa, anayeumia kwanza ni mwenye baiskeli. Aliyepakia magunia mawili ya mkaa kutoka Kisarawe hawezi kusimama ghafla wala kugeuka kuona kinachomfuata. Akikuta kokoto pembeni, anaingia katikati ya magari.

Mwaka jana muuza mikate wa mtaani kwetu alivaa rundo la mchanga alfajiri, akavunjika mkono. Hapakuwa na taa wala utepe. Nilimsindikiza kuuliza. Fundi alimtaja msimamizi, msimamizi akamtaja mkandarasi, mkandarasi akaitaja ofisi iliyompa kazi, na ofisi ikaturudisha kwa mkandarasi.

Utetezi huo ni wa zamani, na ulishashindwa. Huko Wimbledon, Uingereza, halmashauri ilimpa mkandarasi kazi ya kutengeneza barabara. Akaacha rundo la udongo bila taa. Mpita njia aitwaye Penny akajikwaa gizani, akaumia. Halmashauri ikadai kosa ni la mkandarasi. Mwaka 1899 Mahakama ya Rufani ikakataa: anayeagiza kazi ambayo kwa asili yake ni hatari kwa umma hakwepi wajibu kwa kumkabidhi mwingine.

Dar es Salaam ilikuwa bado ya Wajerumani. Waingereza walipoichukua Tanganyika, waliagiza mahakama zifuate kanuni zilizojengwa na majaji wao, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Tarehe hiyo ingali katika sheria zetu. Kwa hesabu hiyo, kanuni ya kesi ya Penny ina zaidi ya miaka mia moja nchini.

Mwaka 1964 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza walimsikiliza John Haley, asiyeona, aliyeangushwa London na nyundo ya mpini mrefu iliyowekwa kuzuia watu wasifike kwenye mtaro wa mafundi wa umeme. Alibaki karibu kiziwi. Utetezi ulikuwa kwamba mwenye macho angeiona. Majaji wakasema asiyeona naye hutumia njia, lazima afikiriwe. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila unafundisha: “wengine wamepita salama” si jibu.

Anayesaini mkataba wa barabara Kiwalani anajua kwamba mkaa na mikate hupita kwa baiskeli kabla ya jua kuchomoza. Basi mkataba utaje taa, njia ya muda ya baiskeli, na jina la atakayeulizwa.