Njia ya Maji Kupwa: Watembeao kwa Miguu hadi Lindisfarne

Karibu na mpaka wa Uingereza na Uskoti, kwenye Bahari ya Kaskazini, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Lindisfarne. Maji yakipwa, mtu huvuka kwa miguu. Yakijaa, kijiji chenye wakazi wapatao 160 hubaki peke yake. Mtawa Bede, aliyemaliza kuandika historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, alikwisha kulieleza jambo hilo: mara mbili kwa siku bahari hupafanya mahali pale kisiwa, na mara mbili huparudisha kuwa bara.

Familia zinazovuka leo hufuata nguzo ndefu za mbao zilizosimikwa mchangani, mwendo wa kilomita 5 hivi. Viatu huvuliwa mapema. Mchanga mgumu wenye mikunjo hufuatiwa na tope jeusi linaloshika vifundo vya miguu, kisha maji ya baridi ya mkondo ambayo huwafanya watoto wapige kelele. Kwa mbali husikika sili waliolala kwenye mafungu ya mchanga, sauti yao ikivuta kama ya mtu anayeomboleza.

Njia hii ni ya kale. Mwaka 635 mfalme Oswald alimpa kisiwa hicho Aidan, mtawa aliyetoka Iona, ili ajenge makao ya watawa. Ukisimama hapo unaiona Bamburgh, ngome ya mfalme, lakini maji yanakutenga nayo. Aidan alipenda kutembea kwa miguu, azungumze na kila aliyekutana naye. Mfalme mwingine, Oswine, alipomzawadia farasi mzuri, Aidan alimpa farasi huyo maskini wa kwanza aliyemwomba sadaka. Hakuna mtu anayefaa zaidi kutajwa katika historia ya njia hii.

Bahari iliwakinga watawa kwa upande wa bara tu. Mwaka 793 Wavikingi walifika kwa mashua, wakaua na kupora. Mwaka 875 watawa wakahama, wakiwa wamebeba mwili wa Cuthbert, askofu wao aliyefariki mwaka 687.

Kisa kinachogusa zaidi ni cha mwaka 1069. Jeshi la William Mshindi lilikuwa likielekea kaskazini, na watu wa Durham, mji ambako mwili wa Cuthbert ulikuwa umefikishwa hatimaye, wakakimbilia Lindisfarne na jeneza lake. Ulikuwa wakati wa baridi kali. Symeon wa Durham, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasimulia kwamba walifika ufukweni jioni, wazee, wanawake na watoto, wakakuta maji yamejaa. Walipokuwa wakilia, bahari ikajitenga, wakapita pakavu, nayo ikajifunga nyuma yao. Wao waliuita muujiza. Hata asiyeuamini atatambua hofu ya mzazi aliyesimama mbele ya maji, mtoto mkononi na usiku ukiingia.

Barabara ya magari ilijengwa mwaka 1954, lakini hadi leo hufunikwa kwa saa 5 hivi kila maji yanapojaa. Magari hunaswa kila mwaka. Ndiyo sababu vipo vibanda vya kujiokolea, vimeinuliwa juu ya miguu mirefu, vyenye ngazi za kupandia. Kunaswa hivyo ni kosa lisilo na udhuru, kwani ratiba ya maji hutangazwa mapema na saa za kuvuka huandikwa kandokando ya barabara.

Kila Ijumaa Kuu mahujaji huvuka mchanga wakiwa na misalaba ya mbao mabegani. Wengine huja siku yoyote, wakaokota ufukweni vijiwe vidogo vyenye tundu viitwavyo shanga za Cuthbert, ambavyo ni visukuku vya viumbe wa baharini walioishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.

Mtu wa Pwani yetu, azoeaye bamvua na maji mafu, hahitaji kufundishwa mengi hapa. Ila akumbuke kwamba saa zinazotangazwa ni za magari. Mwenye watoto na aingie mchangani maji yakiwa bado yanakupwa, awe amefika ng'ambo kabla hayajageuka.