Ndoana, Wavu na Ndoo: Historia ya Sheria za Uvuvi Kwenye Maji Yetu ya Nile



Logiri haina ziwa. Anayeijua gombolola hii ya upande wa Vurra, wilaya ya Arua, anajua kwamba iko juu, karibu na mpaka wa Congo, mahali ambapo mvua hugawanyika. Inayonyesha upande huu hushuka kwenye vijito mpaka Nile, na inayonyesha upande wa pili wa kilima huenda zake mto Congo. Samaki wanaoliwa huku wengi hutoka mbali, kwenye mialo kama Panyimur, Pakwach na Rhino Camp, wakiwa wamebanikwa au wamekaushwa kwa chumvi. Basi mtu anaweza kuuliza, sheria za uvuvi zatuhusu nini sisi watu wa vilimani? Zatuhusu sana, na mwisho wa makala haya mtaona ni kwa nini zinatuhusu sisi wa kilimani kuliko wengi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Vijana wengi hudhani kuvua kwa fimbo na ndoana ni mchezo ulioletwa na wazungu. Sivyo. Speke alipofika kwenye maporomoko ya Ripon, pale Jinja, mwezi wa Julai 1862, aliwakuta Wasoga na Waganda wamesimama juu ya mawe wakivua kwa fimbo na ndoana. Walivua ili wale. Kilicholetwa na wakoloni ni mtu anayevua kwa kujiburudisha, na pamoja naye ukaja utaratibu wa vibali, maeneo yaliyofungwa na vipimo vya samaki. Baadhi ya utaratibu huo ulikuwa na maana. Baadhi yake, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kuwapendeza mabwana wenye fimbo.

Sasa tuje kwa sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Huyu ni samaki wa kwetu. Tangu zamani alikuwako Ziwa Albert na kwenye Nile inayotoka humo kwenda Pakwach, Rhino Camp mpaka Nimule, lakini hakuwako Kyoga wala Ziwa Victoria. Sababu yake ni maporomoko ya Murchison. Hapo mto wote hubanwa kwenye mwanya wa upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka mita 43. Hakuna samaki anayepanda ukuta huo. Allah aliweka mpaka, na kwa maelfu ya miaka kila upande uliishi na samaki wake. Ziwa Victoria lilikuwa na ngege wake na mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi.

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilimtuma Michael Graham kuchunguza uvuvi wa Victoria, kwa kuwa ngege walikuwa wanapungua. Katika ripoti yake iliyotoka mwaka 1929 alishauri mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, nyavu za ngege zisiwe na matundu yaliyo chini ya inchi 5. La pili, alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ni hatari kubwa kupita kiasi, isipokuwa baada ya utafiti mrefu. Sheria ya matundu ilipitishwa miaka ya 1930, ikavunjwa sana, na katika miaka ya 1950 Uganda ikaiacha. Lile onyo la pili nalo halikudumu.

Uganda ilitunga Sheria ya Samaki mwaka 1951. Waliopewa kuisimamia walikuwa Idara ya Wanyama na Samaki, chini ya Bruce Kinloch. Idara hiyo iliwaona furu kuwa ni samaki wasio na faida, wenye miba mingi, ambao si wa kuuza wala wa kuvua kwa fimbo. Wakamtaka sangara awale furu na kuwageuza kuwa nyama nyingi, na wakataka pia wavuvi wa burudani wapate samaki wa kupigana naye. Watafiti wa taasisi ya uvuvi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Jinja, walipinga. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika hadharani kueleza hatari yake. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha: sangara kutoka Ziwa Albert walikuwa wametiwa kimya kimya ndani ya Victoria mwaka 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine, safari hii kwa idhini.

Tazameni jambo hilo vizuri. Ofisi iliyokuwa na kazi ya kumkamata mvuvi maskini mwenye wavu wa matundu madogo ndiyo iliyobeba samaki hai na kuwapitisha juu ya mpaka ambao samaki wenyewe hawakuweza kuuvuka.

Kwa miaka ishirini hivi hakuna kikubwa kilichoonekana. Katika miaka ya 1980 sangara walilipuka, na furu wakatoweka kwa wingi. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zimepotea. Si haki kusema hapakuwa na faida. Viwanda vilijengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na watoto wengi wamesomeshwa kwa sangara. Lakini faida hiyo nayo ikaleta yake: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo baada ya habari za watu kuvua kwa sumu.

Na kwetu Albert? Sangara na angara, yule samaki wa chumvi anayependwa West Nile nzima, wamepungua. Kuanzia miaka ya 2000 uvuvi umehamia kwa muziri na ragoge, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, na sasa hao ndio zaidi ya nusu ya mavuno ya ziwa. Mwaka 2017 serikali iliwaleta wanajeshi majini. Mitumbwi isiyofika futi 28 iliharibiwa na nyavu zikachomwa moto, na malalamiko ya watu kupigwa yakasikika mialo mingi. Kanuni ni nzuri. Namna ya kuitekeleza ilikuwa ya ukali mno. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uvuvi na ufugaji wa samaki kuchukua mahali pa ile ya 1951.

Vipimo vyenyewe mwanafunzi anaweza kuvikariri kwa dakika moja: sangara asipungue inchi 20, yaani kama sentimita 50, na ngege asipungue inchi 11. Sheria humkamata mvuvi na hata mwenye kumbeba au kumuuza. Wapo wanaoficha wadogo chini ya wakubwa na kusema, mimi sikuvua, nimenunua tu. Hapo mtu hukumbuka habari ya Qur'ani ya watu wa mji wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua Jumamosi. Wafasiri wanasema walitega Ijumaa wakaokota Jumapili.

Ama anayevua kwa fimbo ndani ya hifadhi ya Murchison, lazima awe na kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na huhimizwa amrudishe samaki akiwa hai. Kumrudisha kuna adabu yake. Ndoana isiyo na kinoo cha nyuma hutoka bila kuchana. Mikono ilowekwe kwanza, kwa sababu mikono mikavu huondoa ute unaomkinga. Asishikwe kwenye matamvua, na asining'inizwe kwa ajili ya picha. Tena yule mkubwa mno, ambaye kila mtu hutamani kupigwa picha naye, mara nyingi ni jike lenye mamilioni ya mayai. Huyo ndiye wa kurudishwa mbele ya wote.

Nikarudi Logiri. Siku hizi watu wanachimba mabwawa ya samaki, na vijana hupenda kubeba vifaranga kwenye ndoo au jerikeni kutoka maji haya kwenda yale. Sheria inakataza kuhamisha samaki hai bila kibali, na kati ya kanuni zote za uvuvi naiona hii kuwa ya kwanza. Wavu mbaya unaweza kuchomwa, na samaki waliovuliwa kupita kiasi wanaweza kuongezeka tena wakiachwa, inshaallah. Sangara wa 1954 hawajatolewa Victoria mpaka leo. Na kutoka kijito cha Nile mpaka kijito cha Congo, huko kwetu, ni mwendo wa kijana mmoja na jerikeni yake asubuhi moja.