KILIMA CHA LICKEY NA KICHWA CHA NYUMA



Sisi tuliokwenda shuleni kwa treni ya Reli ya Kati tunakumbuka jinsi mwendo ulivyopungua baada ya Kilosa, safari ilipoanza kupanda kuelekea Dodoma. Tulichungulia madirishani tukihesabu mabehewa kwenye kona, wala hakuna aliyejiuliza ni nguvu gani inayotupandisha. Mimi swali hilo lilinijia miaka mingi baadaye, nilipokuwa masomoni Birmingham, Uingereza. Siku moja nilishuka stesheni ya Bromsgrove, kusini ya mji huo. Nikaona treni ya mizigo imesimama, kichwa kingine kikaja nyuma yake, kisha wakapanda kilima pamoja, huyu akivuta na yule akisukuma.

Kilima hicho huitwa Lickey. Kina urefu wa maili 2 hivi, kutoka Bromsgrove hadi Blackwell, na kwa kila futi 37.7 za mwendo reli hupanda futi 1. Kwa gari la barabarani hilo si kitu. Lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na treni ya tani 1,000 mahali pale huvutwa nyuma na uzito wake yenyewe kwa nguvu ya tani 26 na zaidi. Katika njia kuu za reli za Uingereza hakuna mwinuko mrefu ulio mkali kama huo.

Kwa nini basi wakapita hapo? Mwaka 1832 mhandisi Brunel alipima njia ya kuzunguka upande wa mashariki, isiyopanda zaidi ya futi 1 kwa 300. Wenye fedha wakaiona ghali. Wakamtafuta mhandisi mwingine, Moorsom, awapatie iliyo rahisi, naye akawapeleka moja kwa moja kilimani. Mimi nimepitia makadirio ya matumizi ofisini kwa miaka mingi, na mchezo huu naujua: gharama inayoonekana leo hukatwa, na ya kesho huachiwa watakaokuja.

Wakati huo wahandisi wengi hawakuamini kwamba injini ya mvuke ingeweza kupanda hapo bila kuvutwa kwa kamba. Moorsom aliagiza injini za Norris kutoka Philadelphia, Marekani, ambako mwaka 1836 moja ya injini hizo ilikuwa imepanda mlima mkali zaidi. Njia ikafunguliwa mwaka 1840. Tarehe 10 Novemba mwaka huohuo boila ya injini moja ililipuka pale Bromsgrove. Thomas Scaife alikufa papo hapo, na Joseph Rutherford akafariki siku iliyofuata. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa, na mawe yake yamechorwa injini. Ajabu ni kwamba injini zilizochorwa ni za Norris, wala si ile iliyowaua.

Tangu hapo Lickey haikukosa vichwa vya kusukuma. Kilichopata sifa kuliko vyote kilitengenezwa Derby mwaka 1919, chenye magurudumu 10 ya kusukuma na uzito wa tani zaidi ya 70. Wafanyakazi walikiita Big Bertha. Kilifungwa taa kubwa ya umeme mbele, ili usiku dereva aone mkia wa treni anayoikaribia. Kazi yake ilikuwa hivi: treni husimama chini, Bertha huja taratibu na kugusa behewa la mwisho bila kufungwa, filimbi hujibizana, kisha wote huongeza mvuke. Kusukuma nyuma kulipunguza mkazo kwenye minyororo ya mabehewa. Huko juu Bertha huachia tu, treni ikaendelea, naye akarudi chini kungojea nyingine. Alifanya hivyo hadi mwaka 1956.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ililetwa pale kwa majaribio injini ya Garratt iliyotengenezwa na Beyer Peacock mwaka 1925. Kiwanda hicho ndicho kilichotuletea Garratt 34 za daraja la 59, zilizofika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1955 na kupewa majina ya milima yetu. Moja, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Wanafunzi wakizuru huko, waiangalie vizuri.

Ndugu zangu, kichwa cha nyuma hakiandikwi kwenye ratiba, na abiria wa mbele hawakioni. Nilipokuwa Kidato cha Tatu baba yangu alifariki. Nilifunga sanduku langu nirudi nyumbani, nikaitwa ofisini na kuambiwa ada yangu imekwisha kulipwa na wanafunzi wa zamani. Majina yao sikuambiwa, na mpaka leo siyajui. Walinifikisha juu, wakaachia.

Hivi sasa wapo wadogo zetu waliosimama chini ya kilima chao. Sisi tuliokwisha kufika Blackwell tusiende zetu moja kwa moja. Mfuko wa ada wa chama chetu uko wazi, na kidole kimoja hakivunji chawa.